Macho Huwekwa Mwisho

Kuna watu wanaodhani mchanga ni mchanga tu. Hao wasikanyage kwa Obiero. Nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Usenge, kuna makopo ya rangi na ndoo za mafuta ya kupikia zilizopangwa kando ya ukuta, na kila moja ina mchanga wake. Mweusi ni ule mzito unaoachwa ufuoni ziwa likishachafuka na kutulia. Mwekundu ni udongo wa kilimani uliopondwa na kupepetwa kwa wavu mkuukuu wa omena, dagaa wa ziwani. Mweupe ni magamba ya konokono yaliyotwangwa kwenye kinu, kazi ya kuvunja mgongo. Wa manjano hutoka kingoni mwa Mto Yala. Rangi ya dukani haitaki. Mteja mmoja aliwahi kumletea ya unga kama zawadi, akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, kisha akaenda akaikoroga kwenye udongo wa kuziba ufa wa choo.

Kazi yake ni sura za marehemu. Wazee wengi wa huku hufa bila picha yoyote ila ile ndogo ya kitambulisho, ambamo mtu huonekana kama amekamatwa na polisi. Familia humletea Obiero picha hiyo, naye hupaka gundi ya mbao kwenye plaiwudi, kidogo kidogo, akinyunyiza mchanga kwa vidole vitatu kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Huanza na shingo, hupanda kwenye kidevu, mdomo, pua, mashavu, paji la uso. Macho huyaacha. Mtu akishazikwa, jamaa hurudi na udongo kiganja kimoja kutoka kaburini, na kwa udongo huo ndipo Obiero humtia marehemu macho. Hakufundishwa na mtu. Aliamua tu kwamba ndivyo inavyofaa, na kwa kuwa matokeo yalikuwa ya kutisha kidogo, watu wakayapenda. Kuna mjane mmoja pale sokoni anayeapa kwamba picha ya mumewe ilimkodolea macho mpaka yeye mwenyewe akaacha pombe ya chang'aa.

Obiero hasikii. Homa ilimpata angali mchanga, ikaondoka na masikio. Shule ya viziwi haikuwa mbali, lakini baba yake alisema mtoto asiyesikia hahitaji kalamu, anahitaji fimbo ya ng'ombe. Alikuwa mtu mwema katika mambo mengine, huyo baba. Katika hili alikosea, na aliyelipa si yeye. Obiero alikua bila kusoma, bila kuandika, na bila ile lugha ya mikono wanayofundishwa wenzake. Alikuwa na ishara za njaa, za kuja na za kwenda, kama mgeni aliyeshushwa stendi ya mji asioujua.

Halafu akaja Anyango. Anyango alikuwa muuza omena, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele na mdomo usiojua kupumzika. Alipokubali kuolewa na Obiero, pwani nzima ya Usenge ilicheka. Wengine walisema amemwonea huruma. Wengine walisema ni heri, maana mwanamume mwenye masikio asingemvumilia mwezi. Wacha wacheke. Wao wawili walikuwa wameshaanza kuzungumza.

Walianza na vitu vya karibu. Kidole cha mwisho kikitikiswa, hiyo ilikuwa omena. Tumbo la duara likichorwa hewani, huyo alikuwa Frankline, kaka mkubwa wa Obiero, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kisian. Vidole vitatu vikisuguliwa, Obiero mwenyewe. Ukigusa mwanya wa meno, Anyango. Na mbwa wao alipokufa, Anyango alinyoosha kiganja akakipuliza, kama unavyopuliza mchanga uliobaki mkononi, na tangu hapo kifo kikawa na ishara yake. Mwaka hadi mwaka ishara ziliongezeka, mpaka wakaweza kusengenya, kugombana, na kukumbushana mambo ya zamani. Ilikuwa lugha ya watu wawili. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo haikupata mtu wa tatu.

Walikuwa na adabu yao ya mazungumzo. Mmoja akisema, mwenzake aliweka mikono magotini na kutazama. Akimaliza, naye aliishusha yake magotini, maana yake haya, zamu yako. Na Anyango akikasirika, alifumba macho. Tena aliyakaza hasa. Hapo Obiero angepunga mikono mpaka mabega yamuume, hasikilizwi, kwa sababu masikio ya Anyango kwake yalikuwa yale macho. Angesubiri afumbue jicho moja, acheke, yaishe.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, Anyango alipanda boti kwenda visiwani kununua omena. Boti lilikuwa limejaa. Watu wa ziwa hili wanalijua boti lililojaa kama wanavyoijua njia ya kwenda kisimani, na bado wanaingia, kwa sababu la pili halijulikani litakuja lini. Upepo uliwakuta katikati. Waliobahatika walishikilia mitungi mitupu wakaokolewa. Wengine waliopolewa wamekufa. Anyango hakuonekana, si mzima, si maiti.

Frankline alikuja kutoka Kisian siku hiyo hiyo. Alisimama mbele ya mdogo wake, akageuza kiganja juu chini, akaonyesha ziwa. Obiero alielewa: boti limepinduka. Akagusa meno yake kuuliza. Frankline akaonyesha mikono mitupu, hajapatikana. Hilo nalo Obiero alilielewa sawasawa. Kisha Frankline akamkumbatia, akakaa naye, na hakumwambia kitu kingine, siku hiyo wala zilizofuata. Ishara alizozijua ziliishia hapo.

Obiero akaanza kutafuta. Alipitia ufuo mmoja baada ya mwingine akiwauliza wavuvi, na kuuliza kwake kulikuwa kugusa meno ya mbele na kuonyesha maji. Wakamhurumia. Mmoja akampeleka kwenye kibanda chake, akampa tembe mbili za maumivu na kikombe cha maji, kwa sababu aliona mtu anayeteswa na jino. Obiero alizimeza ili asimvunje moyo. Alikwenda mpaka pale ambapo ziwa huacha mchanga mweusi, akifikiri kwamba linapoweka kizito kimoja huenda likaweka na kingine. Palikuwa na magugu maji, na kandambili ya mtu mwingine.

Alipoona hawamwelewi, alirudi nyumbani akatengeneza sura yake. Hakuhitaji picha ya kitambulisho. Alifanya kazi tangu kulipopambazuka, bila kula, mikono ikijua yenyewe inapokwenda: shingo, kidevu, mwanya wa meno aliouacha wazi plaiwudi ionekane, mashavu ya mchanga wa Yala na mwekundu kidogo. Macho hakuyaweka. Macho ni ya waliozikwa, na Anyango hajazikwa, anatafutwa. Kisha akajitwika ubao kichwani, akashika njia ya Luanda Kotieno, kwenye kivuko cha kwenda Mbita, ambako watu wa ng'ambo zote hupita.

Sasa ona balaa. Kazi ya Obiero inajulikana pwani yote. Watu walipoona sura isiyo na macho juu ya kichwa cha mwenye kazi yake, walijua ni marehemu anayengoja kuzikwa. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliacha samaki wao wakaja kumshika mkono. Yeye aliuonyesha ubao na kuuonyesha ufuo, akiuliza, mmemwona, mmemwona huyu? Nao wakamjibu kwa kutikisa vichwa kwa huzuni na kumpapasa bega. Alizunguka kivukoni siku kadhaa, akilala kwenye kibanda cha wauza samaki, akiuliza kila aliyeshuka, na kila aliyeshuka alimpa pole.

Huku nyumbani wazee walikuwa wameketi. Mzee Okinyi, ndugu ya baba yao, ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa wote.

"Maji imemkula," alisema. "Hii siku imepita ni mingi. Tutafute yago tumlaze."

Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba. Mtu wa kwao akipotelea majini au ugenini na mwili usipatikane, Wajaluo hulizika tunda hilo mahali pake, kwa sala na kwa machozi, ili roho yake isizurure bila kwao. Ni desturi ya upole, na siicheki.

"Na Obiero?" Frankline aliuliza. "Nani amemwambia?"

"Kwani yeye haoni?"

"Kuona anaona, Mzee. Nauliza nani amemwambia."

"Wewe ndiye ndugu yake, omera. Mwambie."

"Kwa mkono gani? Mimi hiyo maneno yao sijui. Anyango ndiye alikuwa anaongea na yeye."

Mtu pekee ambaye angeweza kumweleza Obiero mazishi hayo ndiye aliyekuwa akizikwa. Hatimaye Mzee Okinyi akasema mume anajua, mume hawezi kukosa kujua, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kuongeza, wakakubali kwamba anajua. Vijana wawili wakatumwa kwa bodaboda wakamlete.

Obiero alifika nyumbani ubao ukiwa mapajani. Alikuta hema limesimama, viti vimepangwa, na upande wa kushoto wa nyumba vijana wamezama kiunoni wanachimba. Kaburi huchimbwa kwa mtu aliyepatikana. Kwa hiyo amepatikana, yuko mochari Bondo, na wanamleta. Alikaa chini palepale kwenye udongo uliochimbuliwa, akalia kwa mara ya kwanza, na wanawake wakalia naye, na kila mtu akawa na hakika kwamba kweli mume alijua.

Alioga, akavaa shati jeupe. Aliegemeza ule ubao ukutani, karibu na mlango, akakaa akingoja jeneza. Alitaka jambo moja tu, kumwona uso.

Jeneza halikuja. Kilichokuja ni furushi la shuka jeupe, limebebwa na kijana mmoja mikononi, kama mtoto mchanga anayepelekwa kubatizwa. Katekista akasoma. Midomo ikafunguka kuimba. Obiero alilitazama furushi. Alidhani hicho ndicho kilichobaki cha Anyango. Alipenya mbele, akaweka mkono juu ya shuka: kigumu, baridi. Frankline akamvuta nyuma kwa upole, furushi likateremshwa, udongo ukarudishwa. Aliyesimama pale akamtazama Obiero angesema ametulia. Hakuwa ametulia. Alikuwa akijiuliza ni kitu gani cha mkewe kimezikwa, na kwa nini hakuna aliyemwonyesha uso.

Watu walipoketi kula, alichukua jembe. Walimwona wote, mchana kweupe, na hakuna aliyeshtuka. Walidhani analisawazisha kaburi vizuri, kwa mapenzi. Mama mmoja hata alimwambia jirani yake, "Ona huyo, si wanaume wote ni mbwa." Udongo ulikuwa bado laini. Alipofika kwenye shuka alipiga magoti, akalivuta, akalifungua.

Lilikuwa tunda.

Nasema kweli, alifurahi. Yeye ni mtu wa hapa, na yago analijua mtini, lakini mazishi yote ya aina hii aliyowahi kuhudhuria yalikuwa na jeneza lililofungwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kilichomo. Kwa hiyo aliona jambo moja tu: wamezika tunda, basi Anyango hayumo kaburini. Na kama hayumo kaburini, yuko mahali. Alikuja mbio hadi chini ya hema, akaliweka lile yago na udongo wake juu ya meza, katikati ya sahani za ugali na samaki, mbele ya Frankline na wazee. Akalionyesha. Akagusa meno yake. Akaonyesha ziwa. Siye huyu, hayumo, twendeni, mbona mmekaa? Sauti yake, ambayo hajawahi kuisikia, ilimtoka kooni nene na mbaya, na watoto wakakimbilia kwa mama zao.

"Mshike," alisema Mzee Okinyi, akirudi nyuma kwa kiti chake. "Kaburi haifunguliwi. Hii itatuletea chira, laana, kwa boma."

Vijana walimshika. Alijitahidi, akaangusha meza, wakamlaza chini na kumfunga mikono kwa kamba ya nailoni ya boti. Hawakuwa na ubaya. Walitaka atulie. Lakini mtu mwingine akifungwa mikono hubaki na mdomo. Obiero alifungwa mikono, na maneno yake yote yakafungwa humo. Aliacha kupigana, akabaki akitazama miguu ya watu.

Aliyesogea alikuwa Becky, mdogo wake Anyango, msusi wa Kisumu mjini, aliyekuwa amefika asubuhi ile ile na kukaa nyuma na wanawake.

"Nilidhani mmemwambia," alisema.

"Tumwambie na nini?" Frankline alijibu. Alikuwa analia waziwazi, mikono imemlegea kandoni.

"Mfungue shemeji. Mfungue, tafadhali."

Becky hakujua lugha yao. Alijua vijineno vichache tu alivyofundishwa na dada yake kwa mchezo, likizo moja alipokuja kuwatembelea, wakicheka mpaka machozi. Alipiga magoti mbele ya Obiero, akangoja kamba ilegezwe. Kisha akagusa meno yake ya mbele, ambayo hayana mwanya. Akanyoosha kiganja, akakipuliza.

Obiero alitikisa kichwa. Alimwonyesha tunda, akamwonyesha ziwa.

Becky akaonyesha ziwa naye. Akagusa meno. Akapuliza kiganja. Alirudia tena, polepole, pumzi ikimkatika katikati, na safari hii alilichukua yago akalipakata kama mtu anavyompakata mgonjwa, akaelekeza kichwa chake kaburini.

Kwa watu wengine wote Anyango alikuwa amekufa zamani, siku ile ya upepo. Kwa Obiero alikufa hapo, chini ya hema, samaki wakiwa wamemwagika, kwa pumzi ya shemeji yake. Alilitwaa lile tunda kutoka kwa Becky, akalipangusa udongo kwa shati lake jeupe, akalikunja kwenye shuka, na kwenda kulirudisha mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza, Frankline alichota udongo wa kaburi kwenye bakuli, akampelekea kwa ajili ya macho, kama ilivyo desturi ya picha zake. Obiero alipokea bakuli, akaurudisha udongo pale ulipotoka.

Mbuzi alichinjwa, boma likatakaswa, watu wakatawanyika. Becky alirudi kwenye kazi yake Kisumu. Frankline huja Jumapili na vipande vya plaiwudi, na siku hizi hujaribu, maskini, kujifunza. Lakini mikono yake imezoea nondo na saruji, na nani atamfundisha? Anajua omena. Anajua tumbo lake mwenyewe.

Sura ya Anyango ilibaki imegeuzwa ukutani majuma mengi. Wateja walikuja na picha zao za vitambulisho, wakaondoka nazo. Obiero alitumia mikono kula, kufunga kamba za viatu, na basi. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa ikimuuma. Umbea wote uliomfikia, hasira yote, hata ule mkasa wa tembe za jino, ambao Anyango angeuchekea wiki nzima, vilikuwa vimemjaa viganjani na havina pa kwenda.

Asubuhi moja alishuka mpaka pale maboti yanapoondokea, akaingia majini na nguo zake, yakamfika kifuani. Akainama chini ya maji, akachota kilichokuwa sakafuni mwa ziwa. Wanawake waliokuwa wakianika omena walisimama, wakidhani ameamua kumfuata. Akatoka na matope kwenye kofia. Aliyakausha juani, akayaponda, akayapepeta mara mbili. Ulikuwa mchanga wa kijivu, mwembamba kama unga, usiofanana na wowote kwenye ndoo zake.

Aliugeuza ubao. Alipaka gundi mahali pa jicho la kushoto, akanyunyiza. Halafu la kulia. Aliharibu ukope mmoja, na hakuurekebisha. Kisha aliuweka ubao juu ya kigoda alichokuwa akikalia Anyango, akavuta kiti chake mbele yake, na kusubiri gundi ishike.

Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa yakimtazama. Obiero aliinua mikono, akaanza na boti, akaja kwa wavuvi, akasema tembe, akasema kivuko, na kofia za wale wanaume, na shuka, na tunda, na kamba, na Becky asiye na mwanya. Alisema upesi, akijikwaa, akirudi nyuma alipokosea, na jua likamzunguka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Watoto wa jirani waliopita walidhani anafukuza nzi. Alisema mpaka akaishiwa. Kisha akashusha mikono magotini, akatulia kabisa, akamtazama, ili naye aseme.